Uliona Nini Angani Usiku? Mzee wa Mnara Anajibu

Wasomaji wangu, mwezi huu meseji zimekuja nyingi mno na karibu zote ni za kitu kimoja, mwanga unaokimbia usiku, ndege isiyo na mlio, spidi ambayo mtu anashindwa kuielezea mpaka anaishia kuandika "ilipita vuuu". Nimekaa kwenye mnara wa kuongozea ndege miaka 22 kabla sijastaafu kwa hiyo hili jambo nalipenda, na pia linaniuma, maana nimeona watu wakweli kabisa wanachekwa kwa sababu tu walitazama juu. Nimechagua maswali matano. Majina hatutaji, kila mtu kwa sehemu anayotoka.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi mvuvi wa dagaa huku Kilwa Kivinje. Usiku wa giza tunatoka mapema, juzi saa moja na nusu usiku tuko sita kwenye boti bado hatujawasha taa, nikaona mwanga mweupe mkali umetokea upande wa bara kusini magharibi, ukapanda mpaka karibu na utosini ukaelekea baharini, haumetimeti, hauna mlio hata kidogo, na spidi kali. Ulivyofika upande wa mashariki ukazimika tu, yani kama mtu kabonyeza swichi, na mawingu hakuna. Nahodha anasema ni ndege ya kijeshi inazima taa ikishavuka nchi. Mi nikisema haikuwa ndege wananicheka. Ilikuwa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wasikucheke tena, maana umeniambia vitu vinne ambavyo watu wengi hawaviangalii kabisa: saa, upande ulipotokea, kwamba haumetimeti, na mahali ulipozimikia. Jibu liko humo humo.

Ndege ya abiria usiku lazima iwashe taa, nyekundu bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani, na zile za kumeta ambazo unaziona tap, tap, tap hata ikiwa juu kilomita 11. Chako hakikumeta. Halafu kimezimikia mashariki jioni, na hii ndo alama kubwa kuliko zote. Jua likishazama kwenu Kilwa kule juu kilomita 400 bado halijazama, kitu kilichopo huko kinaendelea kupigwa na jua na kinang'aa kwa jua hilo, sio kwa taa. Kivuli cha dunia jioni kinapanda kutokea mashariki, upande wa bahari kwenu, sasa kitu kikikimbia kwenda huko kinaingia kivulini na hapo hapo kinapotea. Kwa mwelekeo ule na ukali ule wa mwanga mi naona umekiona Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kina urefu wa mita 109, kama uwanja wa mpira, watu wanaishi mle ndani kwa zamu tangu Novemba 2000, kinazunguka dunia yote kwa dakika 90 na kidogo kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Kikipita utosini unaweza kukiangalia dakika tano hata sita kama kivuli hakijakimeza.

Sasa kuhusu spidi, na hili naomba kila msomaji alijaribu leo leo. Nyoosha mkono mpaka mwisho, kunja ngumi, funga jicho moja. Upana wa ngumi hiyo angani ni kama digrii 10. Ndege ya abiria ikipita juu yako inavuka ngumi kwa sekunde 7 au 8. Hicho kituo kikipita juu yako kinavuka ngumi kwa sekunde 9 hivi. Umeona? Kitu cha kilomita 900 kwa saa na kitu cha kilomita 28,000 kwa saa machoni kwako vinakwenda karibu sawa, tena hicho cha 28,000 ndo kinaonekana kinajikokota. Jicho halijui spidi, linajua ngumi tu, mpaka ujue kitu kiko umbali gani. Chukua mwanga unaovuka ngumi moja kwa sekunde moja. Ukiwa mita 100 juu ya kichwa chako hapo ni mita 17 kwa sekunde, ni ndege wa manyoya, tumbo limepigwa na taa za mjini. Ukiwa kilomita 10 ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa saa, hiyo hakuna jeshi linaloirusha na rubani ndani. Ukiwa kilomita 100 ni kilomita 17 kwa sekunde, hicho ni kimondo. Mwanga ni ule ule mmoja. Lugha yetu inawaita wote ndege, wa manyoya na wa chuma, na usiku jicho nalo linafanya hivyo hivyo.

Nakumbuka usiku mmoja tuko mnarani mi na mwenzangu, ikaja sauti ya rubani wa ndege ya mizigo anauliza kuna nani mbele yangu upande wa magharibi, ana taa kali na hanipishi. Tukaangalia karatasi zetu, hakuna ndege. Mwenzangu akatoka nje kwenye kibaraza cha chuma akasimama ameegemea reli, akaangalia muda mrefu, akarudi akasema ni Zuhura. Ile nyota ya jioni, basi. Rubani mwenye uzoefu, macho mazima, na alikuwa karibu kuikwepa sayari. Sikumlaumu na mpaka leo simlaumu, kule juu gizani hakuna mti wala nyumba ya kukupimia umbali.

SWALI: Mzee naomba usitaje kijiji, andika tu Kanda ya Ziwa. Wiki iliyopita saa mbili kasoro usiku watu wote walitoka nje, taa zimepangana msitari mmoja kama shanga, nilihesabu zikafika 20 na bado zinakuja, zinakwenda kwa kasi hazina sauti. Watu wakaanza kusema ni wachawi wanasafiri na ungo. Kesho yake vijana wakaenda kwa bibi mmoja anaishi peke yake mwisho wa kijiji, wanasema zile taa zilipotelea juu ya nyumba yake. Bado hajaguswa lakini maneno yanazidi. Mi ni mjukuu wake wa ukoo. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu hii barua niliisoma nikaacha kula. Sikusubiri gazeti litoke, nilikupigia siku ile ile na naomba uniruhusu niyaandike hapa tuliyoongea, kwa sababu najua kuna kijiji kingine kinasoma hii na kina bibi wake.

Zile taa ni setilaiti za intaneti za Starlink. Kampuni ya SpaceX ilirusha kundi la kwanza Mei 2019, setilaiti 60 kwenye roketi moja, na tangu hapo wanarusha makundi kwa makundi. Roketi inaziachia zote pamoja, kwa hiyo siku chache za mwanzo zinafuatana msitari mmoja hapo chini kidogo, karibu karibu, ndo hiyo treni uliyoiona. Baadaye kila moja inajisukuma taratibu mpaka juu kilomita 550 hivi, zinaachana, na msitari unakufa. Zinaonekana jioni jua likishazama au alfajiri kabla halijachomoza kwa ile sababu niliyomwambia mvuvi wa Kilwa, kule juu bado kuna jua. Na zilipotea "juu ya nyumba ya bibi" kwa sababu nyumba yake iko mashariki mwa kijiji! Nilikuuliza kwenye simu nyumba iko upande gani na wewe ukanyamaza kidogo halafu ukasema, mashariki mzee. Kivuli cha dunia hakimjui bibi wala hakimtafuti. Anayekaa kijiji cha pili kwenda mashariki aliziona zinapotelea mbele zaidi, juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Nilikwambia usibishane na watu mchana, maana mchana hakuna cha kuonyesha. Ziko programu za simu za bure zinazosema setilaiti gani itapita wapi saa ngapi, tukaangalia pamoja, tukapata ule msitari unarudi usiku wa tatu yake saa moja na dakika 50, utatokea kaskazini magharibi. Ukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukamwomba aite watu na wale vijana wawepo, ukawatangazia saa na upande kabla hata giza halijaingia. Meseji yako ya usiku ule ninayo na sitaifuta: "Mzee zimekuja. Dakika ile ile. Wamenyamaza wote. Bibi ametolewa kigoda amekaa katikati yetu anahesabu na yeye, amefika 31 akachoka."

Nawaambia wasomaji wengine, hasa viongozi wa vijiji na walimu. Kule kanda ya ziwa tunazijua stori za akina mama wazee wanaonyooshewa vidole kwa sababu ya macho mekundu, na macho mekundu ni moshi wa miaka 50 jikoni. Sasa mbinguni kumeongezeka maelfu ya taa ambazo babu zetu hawakuziona, zitaonekana tena na tena, na kila zikionekana kuna mtu atatafutwa. Waambieni watu mapema zinakuja saa ngapi. Ukimtajia mtu saa kabla ya jambo na likatokea saa hiyo hiyo, atakuelewa.

SWALI: Shikamoo mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Malindi. Nimebishana sana na wenzangu kuhusu Aurora, ile ndege ya siri ya Marekani wanayosema yakwenda mara tano au sita ya spidi ya sauti. Wao wasema ni porojo. Mimi nasema kama walificha nyingine watashindwaje kuficha hii? Na zile taa watu wazionazo huku Pwani usiku zaweza kuwa ndizo? Niambie ukweli usinifiche.

JIBU: Marahaba. Swali lako ndo limenichukua usiku mzima na jibu litakuwa refu, vumilia.

Nianze na pale ulipo sahihi, na uwaambie wenzako. Ni kweli walificha, na sio hivyo tu, watu walioona vitu halisi kwa macho yao waliambiwa hawakuona kitu. Mwaka 1955 shirika la ujasusi la Marekani CIA lilianza kujaribu ndege ya upelelezi ya U-2 kwenye ziwa lililokauka la Groom Lake, jangwa la Nevada, hapo panapoitwa Area 51. Wakati ule ndege za abiria zilikuwa zinapita kilomita 3 mpaka 6 juu, U-2 ilipanda zaidi ya kilomita 18. Sasa fikiria wewe ni rubani wa abiria jioni, kwako giza limeingia, unatazama juu unaona kitu kinawaka kama moto mahali ambapo kila mtu anakwambia hakuna ndege inayoweza kufika. Zilikuwa mbawa za U-2 za rangi ya fedha, bado zinapigwa na jua lililozama kwako. Marubani wakaripoti, watu wa chini wakaandika barua, na jeshi la anga lilikuwa na ofisi ya kupokea ripoti hizo iliyoitwa Blue Book. Wale wachunguzi walikuwa wanapiga simu CIA kimya kimya kulinganisha ripoti na ratiba za U-2, wanaona hii hapa, tarehe inalingana, halafu wanamjibu aliyeandika barua kwamba aliona hali ya hewa tu au barafu. Haya yametoka kwenye historia ya CIA yenyewe iliyotolewa mwaka 1997, na humo wanasema zaidi ya nusu ya ripoti zote za miaka ya mwisho ya 1950 mpaka 1960 na kitu zilikuwa ndege za upelelezi. Mi nilivyosoma hilo nilikasirika, na bado. Mtu alisema kweli, aliyemjibu alijua kwamba ni kweli, na akamwacha aonekane mwehu.

Baada ya U-2 ikaja SR-71, iliruka mara ya kwanza Desemba 1964. Hii ndo ndege ya kweli ya spidi. Julai 1976 iliweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa na rekodi hiyo haijavunjwa na ndege yoyote ya injini za jeti yenye rubani mpaka leo. Kwa spidi hiyo Dar mpaka Mwanza ni robo saa. Ngozi yake ya titani ilipata joto zaidi ya nyuzi 300 ikiwa angani, chuma kinatanuka, ndo maana mafundi waliacha nafasi kwenye maungio, na ikiwa chini imesimama mafuta yanavuja yanadondoka sakafuni, wanaweka vyombo kukinga. Na hiyo titani, nyingi waliinunua Urusi kupitia makampuni ya kujificha, yani waliwapeleleza Warusi kwa madini ya Warusi.

Halafu F-117, ile ya pembe pembe nyeusi isiyoonekana vizuri kwenye rada. Iliruka Juni 1981, serikali ikakubali kwamba ipo Novemba 1988. Miaka saba! Walikuwa wanairusha usiku tu kutoka Tonopah, Nevada, marubani wanalala mchana madirisha yamefunikwa, Ijumaa wanarudi kwa familia Las Vegas na mke haambiwi mume anarusha nini. Lakini angalia jambo moja: F-117 haikuwa na spidi hata kidogo, ilikuwa haivuki hata spidi ya sauti. Ndege iliyofichwa kuliko zote miaka ile ilikuwa ya polepole.

Sasa Aurora. Jina lilionekana mwaka 1985 kwenye karatasi za bajeti ya ulinzi ya Marekani, msitari mmoja una hela nyingi na hauna maelezo. Agosti 1989 akatokea Chris Gibson, injinia wa mafuta, yuko kwenye mtambo wa kuchimbia katikati ya Bahari ya Kaskazini, mchana, akaona juu ndege ya kujaza mafuta, pembeni yake ndege vita mbili za F-111, na nyuma ya ile ya mafuta kuna pembetatu nyeusi ndefu ambayo hakuijua. Na huyu sio mtu wa kubahatisha, alikuwa mwanachama wa kikosi cha kujitolea cha waangalizi wa anga wa Uingereza, wamefundishwa kutambua ndege kwa kivuli chake tu. Akaichora. Mchoro wake ukachapishwa 1992. Katikati hapo, 1990, jeshi likastaafisha SR-71 na watu wakauliza utaachaje ndege yenye spidi kuliko zote kama huna nyingine? Na kuanzia Juni 1991 mitambo ya kupimia matetemeko kusini mwa California ikanasa mitikisiko ambayo haikutoka ardhini, ilitoka angani, mshindo wa kitu kinachovuka spidi ya sauti.

Ukipanga hivyo moja baada ya nyingine unaona kabisa ndege ipo. Na mimi miaka hiyo niliamini, sikatai. Nilichokuja kuamini baadaye ni hiki. Ben Rich, aliyekuwa bosi wa karakana ya siri ya kampuni ya ndege ya Lockheed iliyozaa F-117, alieleza mwaka 1994 kwamba Aurora lilikuwa jina la kuficha pesa za shindano la kutengeneza ndege kubwa ya kudondosha mabomu, ile B-2, basi. Unaweza kusema naye alificha, sawa. Lakini U-2 ilikuja kujulikana, SR-71 ikajulikana, F-117 ikajulikana, zote zilianguka mahali mara kadhaa, marubani wake wakazeeka wakaongea, leo ziko makumbusho watoto wanazishika. Aurora imepita zaidi ya miaka 35 haina kipande cha bati, haina rubani mzee, haina mjane. Gibson mi namwamini kwamba aliona pembetatu. Kwamba pembetatu ile ilikuwa inakwenda mara sita ya sauti hakusema yeye, wamesema wengine, na siku ile ilikuwa inakwenda polepole nyuma ya ndege ya mafuta!

Halafu kuna fizikia, na hii ndo inayojibu kuhusu taa za Pwani. Kitu kikienda spidi ile hewani kinapata joto la kutisha na kinapiga mshindo. SR-71 ikipita juu yako kilomita 25 unaisubiri dakika moja na kidogo halafu unasikia du-dum, mara mbili, madirisha yanatetemeka. Na kwa ngumi yako? Ingevuka ngumi kwa sekunde nne na nusu, haifiki hata mara mbili ya ndege ya abiria. Ndege yenye spidi kuliko zote waliyowahi kuirusha kazini isingekushangaza macho. Ile X-15 ya roketi iliyofika kilomita 7,274 kwa saa Oktoba 1967, hiyo ilibebwa chini ya bawa la ndege nyingine na moto wake ulidumu dakika mbili na ushee tu. Kwa hiyo mtu akikwambia kitu kimekata anga lote kwa sekunde mbili kimya kabisa, hajakudanganya, ila aliona kimondo, au ndege wa manyoya.

Na wewe uko Malindi, nashangaa hujaniuliza ya kwenu. Kwenye ghuba ya Ngwana, kaskazini yenu hapo, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, San Marco, na kuanzia 1967 mpaka Machi 1988 wakawa wanarusha roketi za Scout kutoka humo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inasherehekea miaka saba ya uhuru, wakarusha setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kwa hiyo wazee wa Pwani wakikusimulia moto ulipanda kutoka baharini ukaenda mbinguni, usiwaambie ni porojo. Kaa nao, uliza mwaka, andika.

SWALI: Mzee, mimi ni wa Makueni. Ile pete kubwa ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku, sasa watoto wangu wakiona mwanga usiku wanakimbia chini ya kitanda. Kuna hatari kweli?

JIBU: Pole kwa hofu dada. Ile ilianguka tarehe 30 Desemba 2024, upana mita 2.5, uzito kama kilo 500, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vitu hivyo kawaida vinaungua vyote vikirudi, ile haikuungua, na wenyewe wanapaswa kuwajibika. Lakini kuangukiwa wewe ni nadra mno mno, dunia ni kubwa na sehemu kubwa ni maji. Kimondo kinapita sekunde moja mbili kimekwisha. Chuma kinachorudi kutoka angani kinakwenda taratibu zaidi, kinakatika vipande vinavyofuatana kama cheche za kuni, unaweza kukitazama nusu dakika na zaidi.

Wafundishe watoto jambo moja la maana kuliko kitanda. Tarehe 15 Februari 2013 kule Chelyabinsk, Urusi, jiwe la karibu mita 20 lililipuka angani asubuhi, mwanga ukazidi jua. Watu wakakimbilia madirishani kuangalia. Mshindo ulikuja baadaye, kama dakika mbili, vioo vikapasuka usoni mwao, karibu watu 1,500 wakaumia. Kwa hiyo mwanga ukiwa mkali mpaka usiku unakuwa mchana, kaeni mbali na vioo dakika chache. Taa ndogo zinazopita kila siku, tokeni nje na watoto mzitazame.

SWALI: Mambo mzee, niko Morogoro. Nina picha ya ndege ya ajabu, pembetatu ina taa tatu, nimeipiga na simu juu ya milima ya Uluguru. Nikutumie uniambie ni nini?

JIBU: Poa kijana wangu. Tuma, ila picha peke yake haitatosha na nikueleze kwa nini. Ubelgiji, kati ya mwisho wa 1989 na 1990, mamia ya watu waliona taa za pembetatu usiku, jeshi la anga likarusha ndege vita mbili za F-16 usiku wa kuamkia Machi 31, 1990, hawakukamata kitu. Mwezi uliofuata ikatokea picha moja safi kutoka Petit-Rechain, pembetatu nyeusi ina taa kwenye pembe, ikachunguzwa na wataalamu miaka 20, ikawekwa magazetini dunia nzima. Mwaka 2011 aliyeipiga akasema mwenyewe, ni ile foma nyeupe nyepesi inayofungiwa TV mpya kwenye boksi, niliikata nikaipaka rangi nikafunga taa. Walioumia ni wale mamia walioona kitu kweli kweli, maana siku hiyo wote wakaonekana waongo pamoja naye.

Sisemi na wewe umefanya hivyo. Nasema nisaidie nikuamini. Niandikie ulikuwa umesimama wapi, umeelekea mlima upi, saa ngapi kwa dakika, taa zilivuka ngumi moja kwa sekunde ngapi, zilimeta au hazikumeta, kulikuwa na mlio au la, zilipotelea upande gani na nani alikuwa na wewe. Taa tatu zikisogea pamoja mara nyingi ni ndege moja inakuja kutua imekuelekea, taa za mbele zimewaka, na mlio utausikia ikishakupita. Lakini kama hazikuwa hivyo nataka kujua. Usiku mwingine simu usiishike mkononi, iegemeze kwenye tofali, zima flashi, na uache nukta ya kulinganishia kwenye picha, ncha ya paa au mti, ili nijue kitu kilisogea kiasi gani. Namba yangu iko ukurasa wa pili, tuma hata kesho.